Tajiri, kijana na siku 28: hesabu isiyoandikwa Ipagala

Kwenye milango ya fremu za Ipagala, karatasi za kutafuta wafanyakazi zinafanana maneno. Anahitajika kijana wa kuuza duka, awe mwaminifu, awe na mdhamini, awe na lugha nzuri kwa wateja. Nyingine inamtaka dada wa saluni anayejua kusuka, au mkaanga chipsi mwenye uzoefu. Chini kabisa kuna namba ya simu. Mambo matatu huwezi kuyakuta hata ukizisoma zote kuanzia Ilazo mpaka Swaswa: mshahara ni kiasi gani, kazi inaanza na kwisha saa ngapi, na likizo ni lini. Karatasi inataja yote anayotakiwa kuleta kijana na kukaa kimya kuhusu yote atakayopewa.

Kimya hicho hudumu miezi mitatu, minne, halafu hugeuka ugomvi. Tajiri anasema vijana wa elfu mbili hawataki kazi: wiki ya pili wanauliza kuhusu ofu, mwezi wa kwanza wanaomba nyongeza, Desemba wanaaga kwenda kwao na hawarudi. Kijana naye anasema bosi anataka mtu wa kumfanyia kazi kama mtoto wake na kumlipa kama mpita njia. Kila upande una ushahidi wake. Ila ukiwasikiliza kwa makini, hawagombani kuhusu uvivu wala unyonyaji peke yake. Wanagombana kuhusu hesabu ambayo sheria iliifanya zamani, lakini wao wawili hawajawahi kuiweka mezani.

Mji umekua, makubaliano yamebaki ya kijijini

Ipagala iko mashariki mwa jiji, upande ambao Dodoma imeukimbilia tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itahamia makao makuu yaliyoamuliwa mwaka 1973. Mbele zaidi upande huohuo iko Nzuguni yenye stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, kisha Mtumba, ulipo Mji wa Serikali. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956; ya 2022 ikawakuta 765,179.

Watu hao wananunua mchele, wananyoa, wanatoa pesa kwa wakala, wanakula chipsi usiku, wanatengeneza milango ya alumini. Fremu zikaota. Anayezimiliki mara nyingi ni mtu wa kawaida tu: mwalimu, mtumishi wa wizara aliyeweka mtaji wa mkopo, mama aliyeanza na meza ya vitumbua. Hana ofisi ya rasilimali watu. Ana daftari moja la madeni na simu.

Namna ya kumpata mfanyakazi imebaki ileile. Kijana analetwa na shangazi kutoka Kongwa au Mpwapwa, anafikia kwa tajiri, anakula hapo, analala hapo. Asubuhi anafagia uwanja, anawapeleka watoto shule, kisha anafungua duka. Mshahara unachanganyika na malezi. Atamdai vipi mama mdogo aliyemtoa kijijini? Na mama mdogo ataandikaje mkataba na mtoto wa dada yake bila kuonekana amemgeuza mtu baki? Aibu inafanya kazi ya karani: inaandika kila kitu moyoni, na siku ya kuachana kila mmoja anasoma cha kwake.

Aliyekuja bila shangazi ni tofauti. Huyu amemaliza kidato cha nne, au amesoma VETA, au ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dodoma na anauza steshenari akisubiri ajira. Amepanga chumba jirani na mtumishi wa umma. Alisikia Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan akitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Akasikia Oktoba 2025 waziri Ridhiwani Kikwete akitangaza kwamba wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi utapanda kwa asilimia 33.4 kuanzia Januari 1, 2026. Hajasoma jedwali la viwango vya kila sekta. Amesikia namba tu, na namba hizo anazo kichwani anapopokea noti ya elfu tano saa tatu usiku.

Elfu tano kwa siku

Elfu tano hiyo inastahili kupigiwa hesabu. Mwenye duka anayeilipa haoni kwamba amemdhulumu mtu. Tena huongeza chakula cha mchana, siku nyingine nauli. Kwa siku 26 za kazi, elfu tano inazaa 130,000. Amri ya Mshahara iliyotangazwa Novemba 2022 na kuanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini kwenye biashara na viwanda kuwa 150,000 kwa mwezi. Ukiigawa kwa siku 26, ni kama 5,769. Kwa hiyo hata kabla ya amri mpya ya 2026, elfu tano ilikuwa pungufu kwa karibu shilingi 770 kila siku, yaani 20,000 kwa mwezi.

Tajiri atauliza elfu ishirini hiyo aitoe wapi, na swali lake lina uzito. Kodi ya fremu anadaiwa miezi sita mbele. Kuna leseni ya biashara, kuna makadirio ya TRA, kuna LUKU inayokwisha friji ikiwa imejaa. Duka la rejareja linaishi kwa faida ya shilingi mia hapa, mia mbili pale. Wapo matajiri ambao, wakijilipa mshahara kwa saa wanazokaa dukani, wangegundua wanapata kidogo kuliko kijana wao.

Ila swali hilo linatakiwa kuulizwa kabla ya kubandika karatasi mlangoni. Hesabu kamili ya kijana wa 150,000, kiwango cha kabla ya amri ya 2026, ni hii. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara: ya mwajiri kumi, ya mfanyakazi kumi. Sehemu ya tajiri ni 15,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachukua nusu asilimia, shilingi 750. Tozo ya kuendeleza ujuzi haimgusi mwenye wafanyakazi chini ya kumi. Akiongeza akiba ya likizo, ambayo tutaifikia, kijana huyo anamgharimu 178,250 kwa mwezi. Biashara isiyoweza kubeba kiasi hicho haijafikia kuajiri mtu wa siku nzima. Inaweza kuajiri wa nusu siku, au mwenyewe akasimama dukani mchana na kumlipa kijana wa jioni. Kumwajiri wa siku nzima kwa bei ya nusu siku ni kukopa kwa kijana bila kumwambia.

Kijana mwenyewe, lazima isemwe, wakati mwingine ndiye anayependa mambo yabaki mkononi. Mhitimu aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara ajira yake ikijulikana. Kwenye mshahara wa 200,000 ni shilingi 30,000. Anaona bora apokee noti kimyakimya. Tajiri anakwepa mchango, kijana anakwepa makato, wanacheka pamoja. Siku kijana anapokatwa kidole na mashine ya alumini, wanagundua kwamba mfuko ambao ungelipa fidia haujawahi kusikia jina lake.

Saa kumi na tatu

Kuliko mshahara, kinachowachosha vijana ni saa. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku. Ukitoa saa moja ya chakula, zinabaki 13. Kwa siku sita ni saa 78. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, kwa makubaliano, na zisizidi 50 katika wiki nne. Kijana wetu amezidisha saa 33 kila wiki, yaani 132 kwa wiki nne. Hata tajiri angekuwa na moyo wa kuzilipa zote, sheria haimruhusu kuzitumia.

Hapa ndipo ombi la ofu linapoeleweka. Mapumziko ya saa 24 kila wiki yamo kwenye sheria hiyohiyo. Kazi ya sikukuu hulipwa maradufu, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, huongezwa asilimia tano. Kijana anayeuliza "bosi, ofu yangu ni siku gani?" anaomba kitu ambacho serikali ilimpa akiwa bado ananyonya, au hajazaliwa.

Wengi hujibu kwamba huyu ni kibarua, si mwajiriwa, hana karatasi. Jibu hilo lina hatari kwa anayelitoa. Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo wa 2004, inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi ikiwa jambo moja tu kati ya kadhaa lipo: unampangia namna ya kazi au saa zake, anakutegemea kwa kipato, anatumia vifaa vyako, au amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi mkaanga chipsi huzimaliza kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Na mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mwajiri asiyeweza kuonyesha mkataba wa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Kutoandika kunaonekana ujanja siku ya kwanza. Mbele ya msuluhishi kunamwacha tajiri mikono mitupu.

Hali ni hiyohiyo kwenye hasara. Mzigo ukipungua dukani, desturi ni kukata mshahara wote hadi deni liishe. Sheria inataka makosa ya mfanyakazi yathibitike kwanza, apewe nafasi ya kujieleza, awe amekubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Anayekata wote amejigeuza mdaiwa.

Likizo ina bei, na bei yake ni ndogo

Tufike kwenye likizo, neno linalowakera matajiri kuliko yote. Mfanyakazi anastahili angalau siku 28 mfululizo zenye malipo kwa kila miezi 12. Ndani yake zimo Jumapili na sikukuu zitakazoangukia humo, kwa hiyo kwa anayefanya kazi siku sita ni kama siku 24 za kazi. Kenya inatoa siku 21 za kazi, Uganda siku saba kwa kila miezi minne. Marekani, nchi ambayo vijana wengi wanaiota, haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja yenye malipo. Kijana wa Ipagala ana haki ambayo binamu yake aliyeko Texas anaipata kwa hisani ya kampuni.

Tajiri anaiona likizo kama mwezi mzima wa kulipa mtu asiyekuwepo, na hapo moyo unakataa. Aigawe kwa mwaka. Mshahara wa 150,000 ukigawanywa kwa miezi 12 ni 12,500. Ukizigawa hizo 12,500 kwa siku 26 za kazi, hazifiki shilingi 500 kwa siku. Kiasi hicho kikiwekwa pembeni kila jioni pesa za duka zinapohesabiwa, mwisho wa mwaka kinamlipa mtu wa kushika nafasi kwa mwezi mmoja, na kijana anapokea mshahara wake akiwa kwao. Likizo inauma kwa sababu inakuja kwa mkupuo. Ikilipwa kidogo kidogo inakuwa kama gharama nyingine yoyote ya duka.

Zipo njia za mkato. Moja ni kumsimamisha kijana kabla hajatimiza miezi sita, maana chini ya hapo hana haki ya likizo yenye malipo, kisha kumrudisha baada ya wiki mbili. Sheria iliona mbali: aliyeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yuleyule hujumlishiwa vipindi vyake, na jumla ikizidi miezi sita anastahili. Njia nyingine ni kuhesabu msiba kama likizo. Siku nne za dharura, kwa ugonjwa wa mtoto au kifo cha mtoto, mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja, ziko peke yake na zina malipo.

Ni kweli orodha hiyo haikumtaja mjomba, shangazi wala baba mdogo, na kwa familia zetu hapo ndipo misiba mingi ilipo.  Hili lina jibu la kukaa chini na kukubaliana mapema: siku mbili bila malipo, au zikatwe kwenye zile 28. Lisipozungumzwa, kila baba mdogo anayefariki atakuwa ugomvi, na tajiri ataanza kuhesabu mababa wadogo.

Dodoma ina kalenda yake

Jambo wasilolitumia matajiri wengi ni kwamba sheria imewapa wao uwezo wa kupanga likizo iangukie lini, alimradi isicheleweshwe zaidi ya miezi sita baada ya mwaka wa likizo kwisha, au 12 kwa ridhaa ya mfanyakazi na sababu ya kikazi. Na hakuna mji unaotoa kalenda nyepesi kama huu.

Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la Bajeti. Wabunge, madereva, maofisa wa wizara na wageni wao wanajaza nyumba za kulala wageni, migahawa na saluni. Huo si wakati wa kumwachia mtu. Mwanzoni mwa Agosti Nanenane inajaza Nzuguni, kama ilivyokuwa 2024 na 2025 maonyesho ya kitaifa yalipofanyika hapo. Kati ya hayo mawili upo mwezi wa Julai, Bunge limeahirishwa na mji umepumua. Septemba pia ina nafasi yake, hasa kwa wanaotegemea wanafunzi wa vyuo.

Kijana naye ana kalenda yake, na ndiyo inayogongana na ya duka. Mvua ya kanda ya kati ni ya msimu mmoja, na Desemba ni wakati wa kupanda. Anayetoka Chamwino au Bahi anajua kwamba wiki mbili za shamba la mtama au alizeti mwezi huo ndizo chakula cha mama yake mwaka mzima. Ni Desemba hiyohiyo ya Krismasi na mwaka mpya, ambayo dukani ndiyo ya mauzo. Kijana akinyimwa ruhusa, anazima simu na kupanda basi. Tajiri anabaki na funguo na wateja, anaapa hataajiri tena Mgogo, Mrangi, wala kijana wa aina yoyote.

Karatasi moja ukutani ingeokoa mengi. Wiki mbili Julai au Septemba, wiki mbili Desemba kwa zamu: wa Krismasi mwaka huu, mwakani wa kubaki. Penye Mwislamu na Mkristo, Idi na Krismasi zinabadilishana zenyewe. Sheria inataja siku mfululizo, kwa hiyo kugawanya kuwe kwa ridhaa ya kijana na kuandikwe. Muhimu ni tarehe kujulikana Januari, ili hata tajiri apate muda wa kumwandaa mshika nafasi.

Kijana naye ana la kutimiza

Haki zote hizi zina upande wa pili, na vijana hupenda kuusoma haraka. Notisi inawahusu wote wawili. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa siku 28 kabla ya kuondoka, anayelipwa kwa siku au wiki siku nne. Kuondoka usiku na nywila ya simu ya wakala ni kosa hata kama bosi alikuwa mgumu. Aliyeonewa anayo CMA: siku 30 kulalamikia kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama mshahara.

Aombaye nyongeza naye aje na hesabu. Duka la nguo ambalo mauzo yake yamepanda kwa sababu dada anajua kuwarudisha wateja kwa picha za WhatsApp lina sababu ya kumwongeza, na sababu hiyo inaonekana kwenye daftari. Wenye saluni na vinyozi walishaliona hili zamani: wengi hugawana kwa asilimia, na huko manung'uniko ya mshahara ni machache kuliko dukani, kwa kuwa kila mmoja anaona kilichoingia. Hata huko saa na mapumziko havifutwi na asilimia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kuhusu bidhaa, lakini hata mfanyakazi hupotea hivyohivyo. Mkataba wa ukurasa mmoja, wenye jina, kazi, mshahara, saa, siku ya ofu na tarehe za likizo, hauhitaji wakili. Unahitaji kalamu na nusu saa ya kuvumilia aibu, hasa pale anayesaini ni mtoto wa dada yako.

Wengi watasema nusu saa hiyo inamfaidi kijana peke yake. Mtazame tajiri mwenyewe. Hajapumzika tangu afungue fremu. Akiumwa, duka limefungwa. Akifiwa, anauza kwa simu kutoka msibani. Anasema hawezi kumpa kijana mwezi mmoja kwa sababu bila yeye mambo hayaendi, na sababu hiyohiyo ndiyo inayomfunga yeye. Duka lenye zamu, daftari linaloeleweka na mshika nafasi aliyefundishwa ndilo linaloweza kumwachia mfanyakazi aende kwao. Ndilo pekee linaloweza kumwachia mwenye duka naye aende kwao.